Ngome za Mto Rhine: wanayosema wageni na yaliyopo

Panda treni ya abiria kutoka Mainz, Ujerumani, kwenda Koblenz, kaa dirisha la kulia, na ukishapita Bingen hutapata tena nafasi ya kuangalia simu. Kila kona ya mto ina ngome yake. Moja imekaa juu ya jabali, nyingine imebakia mnara mtupu, nyingine inapeperusha bendera utadhani mwenyewe yumo ndani anakunywa chai. Kipande hiki cha bonde, kilomita 65 hivi, kina ngome, makasri na magofu yapatayo 40, na UNESCO wamekiweka katika urithi wa dunia tangu 2002.

Nimekaa Mainz miaka kadhaa na kila mgeni anayefikia kwangu nampeleka huko. Wageni hubadilika, maneno yao ni yale yale, na mengi hayana ukweli. Mengine niliyasema mwenyewe mara ya kwanza.

"Haya yote ni makasri ya wafalme"

Lugha yetu inachangia hapa. Sisi tukishasema kasri tumemaliza, ila Mjerumani anatenganisha: Burg ni ngome ya kale ya kujihami, Schloss ni kasri la kuishi kwa raha na kujionyesha, Festung ni ngome ya zama za mizinga. Kule Kilwa tumekosea kwa upande wa pili. Jina la Husuni Kubwa limetokana na neno la Kiarabu la ngome, ilhali lile lilikuwa jumba la sultani, lenye birika lake la pembe nane.

Kwenye Rhine wenye ngome walikuwa zaidi maaskofu wakuu wa Mainz, Trier na Köln, na makabaila kama wale wa Katzenelnbogen. Mto ndio uliokuwa barabara kuu, na kila shehena iliyopita ilikuwa pesa. Ukitaka kulielewa hili bila kusoma kitabu, shuka Kaub. Katikati ya maji kuna mwamba, na juu yake jengo jeupe lenye michirizi myekundu, limechongoka kama meli iliyotia nanga. Ndiyo Pfalzgrafenstein. Aliyeianzisha, mnamo 1327, alikuwa kweli mfalme, Ludwig wa Bavaria, lakini hakuna mfalme aliyefanya makazi humo. Waliokaa ni walinzi na watoza ushuru. Chombo kilizuiwa, kikalipa, ndipo kikaendelea, na kazi hiyo iliendelea mpaka miaka ya 1860. Mtu wa Unguja halihitaji somo refu: ni Forodhani iliyozungushiwa ukuta.

Huo weupe wake nao huwashangaza watu. Wamezoea kuamini kuwa ngome halisi ni mawe matupu ya kijivu, na wakiona rangi wanadhani mtu wa utalii amepitisha brashi. Kuta za zamani zilipigwa lipu na kupakwa rangi. Mvua na karne ndizo zilizozivua. Pale Kaub mafundi walifuata mabaki ya rangi yaliyopatikana ukutani. Kuta za matumbawe za Gedi na Kilwa nazo zilikuwa na lipu ya chokaa, na hakuna anayeshangaa akiambiwa.

"Vita vya Hitler ndivyo vilivyozibomoa"

Hili nalisikia kila safari. Ni kweli mabomu yaliuharibu sana mji wa Koblenz, lakini magofu ya milimani ni ya zamani zaidi. Ukiona gofu kwenye Rhine, bahatisha mwaka 1689 na mara nyingi utapatia. Mwaka huo majeshi ya Louis wa 14 wa Ufaransa, katika vita vilivyoanza 1688, yalipita yakichoma miji na kulipua ngome kusudi adui asiwe na mahali pa kushika. Stahleck ya Bacharach ilikwenda, Stolzenfels ikaenda, na mji wa Heidelberg, mbali kidogo kusini, haukupona.

Rheinfels, juu ya mji wa St. Goar, ndiyo iliyowashinda, na ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Ilianzishwa 1245 na Diether wa 5 wa Katzenelnbogen. Miaka kumi baadaye miji ya Rhine, iliyochoshwa na ushuru wake, ikaungana kuizingira, ikaambulia patupu. Mwaka 1692 jeshi kubwa la Ufaransa nalo lilirudi mikono mitupu. Halafu, baada ya sifa zote hizo, 1794 ikakabidhiwa kwa Wafaransa wa mapinduzi bila kupigana, na mnamo 1796 na 1797 wakailipua kwa baruti. Kumbe hata baruti haikuimaliza. Waliomalizia ni wajenzi: mawe yake yalichukuliwa kujengea Ehrenbreitstein, ile ngome kubwa ya Waprusi (watu wa Prussia, dola la Kijerumani la zama hizo) inayotazamana na Koblenz. Magofu mengi hapa yaligeuzwa machimbo hivyo hivyo. Jiwe lililokwisha kuchongwa na liko karibu, nani ataliacha?

"Zilizosimama nzima ndizo za kale"

Kanuni yangu ni kinyume chake. Ngome ikiwa nzima, ina vinara vyote, na picha yake inatoka vizuri kutoka kila upande, basi uliza nani aliijenga upya. Katika karne ya 19 watu wa tabaka la juu wa Ujerumani walishikwa na mapenzi ya zama za kale, na ukoo wa kifalme wa Prussia, uliokuwa umepata eneo hili mwaka 1815, ulikuwa na pesa ya kuyahudumia mapenzi hayo. Mwaka 1823 Friedrich, mwanamfalme wa ukoo huo, alinunua gofu moja karibu na Bingen, akalijenga upya mpaka 1829, akalibadilisha na jina: Rheinstein. Mwaka huo huo wa 1823 mji wa Koblenz ulimzawadia mrithi wa ufalme, Friedrich Wilhelm, gofu la Stolzenfels. Zawadi ya namna yake, maana gharama yote ilimwangukia aliyepewa. Mchoraji ramani alikuwa Karl Friedrich Schinkel, na 1842 ikafunguliwa, imepakwa rangi ya manjano mpaka leo. Malkia Victoria alifika huko 1845. Kwa hiyo ukiingia Stolzenfels ukajiona uko zama za kati, ujue unaangalia jinsi watu wa miaka ya 1840 walivyoziota zama hizo. Mimi siidharau kwa sababu hiyo. Sipendi tu kuona watu wakiitazama kana kwamba ndiyo ya mwaka 1250.

Ngome ya mlimani ambayo haikuwahi kubomolewa katika kipande hiki ni moja tu, Marksburg ya Braubach. Hata yenyewe ilipata majeraha ya mizinga ya Wamarekani Machi 1945, yakazibwa. Tangu 1900 ni mali ya chama cha kuhifadhi ngome cha Ujerumani, nacho kina ofisi zake humo humo.

"Maisha ya ngomeni yalikuwa ya anasa"

Hapo Marksburg nilimpeleka mjomba wangu alipokuja kutoka Tanga, mwezi wa kumi, na majani yaliyolowa yameanguka njia nzima. Ndani huzunguki peke yako, unafuata mwongozaji. Kitu cha kwanza baada ya lango ni ngazi iliyochongwa kwenye mwamba wenyewe, ngazi ya farasi, na hakuna vipandio viwili vinavyolingana. Mjomba alikuwa amevaa viatu vya ijumaa. Akasimama, akaitazama ile miamba inayong'aa kwa maji, akaniambia, "Mwanangu, hukunieleza kuwa tunapanda Usambara." Nikamshika mkono tukapanda taratibu, kundi zima linatusubiri juu.

Alichokitafuta ni dhahabu na viti vya enzi. Alichokuta ni jiko lenye meko kubwa ya kuni, vyumba vyenye madirisha madogo, na baridi inayotoka ukutani. Vyumba vya kuotea moto vilikuwa vichache, na humo ndimo watu walimobanana majira ya baridi. Ila kilichomfurahisha hakikuwa deraya wala mizinga. Kwenye ukumbi mkubwa kuna mlango mdogo, na nyuma yake kijumba kilichojitokeza nje ya ukuta, kina ubao wenye tundu, na chini ya tundu ni hewa tu mpaka bustanini. Choo. Mwongozaji akatuonyesha kuwa komeo lake liko nje, upande wa ukumbini, adui akipanda kupitia tunduni akwame humo. Mjomba akacheka mpaka akakohoa. Jioni aliwapigia simu watu wa Tanga na hakugusia kitu kingine.

Mambo ya mafuta ya moto na vyombo vya mateso

Kwa ufupi. Mafuta ya moto kumwagiwa adui: mafuta yalikuwa ghali, mawe na maji ya moto yalikuwa bure. Sanduku la chuma lenye misumari ndani, lile la kwenye filamu: hadithi yake ilianza kuenea mwishoni mwa karne ya 18, na masanduku yenyewe yakaundwa kwa ajili ya maonyesho. Ngazi za mzunguko eti zilipinda kulia ili kumbana mkono wa upanga wa anayepanda: ni nadharia iliyovuma mwanzoni mwa karne ya 20, na ngazi za kupinda kushoto nazo zipo.

Na ule Mnara wa Panya wa Bingen. Wanasema Askofu Mkuu Hatto aliwachoma maskini ghalani wakati wa njaa, panya wakamfuata hadi mnarani wakamla. Hatto aliishi karne ya 10, mnara ni wa karne ya 14. Ulikuwa wa mambo ya ushuru na ulinzi wa mto, na baadaye ukafanya kazi ya kupa meli ishara mpaka 1974.

"Siku moja inatosha, na kote kunaingilika"

Ngome iliyo ng'ambo unaiona kama unaweza kuigusa, lakini kati ya Mainz na Koblenz hakuna daraja hata moja. Lililokuwapo Bingen lilibomolewa 1945 na halikujengwa tena. Unavuka kwa pantoni, na jioni pantoni hulala. Kwa hiyo chagua ukingo mmoja kwa siku, ngome mbili basi, kwa sababu kila moja ina mlima wake. Nyingi hufunga Jumatatu au miezi ya baridi, na mto ukifurika hakuna mashua ya kwenda Pfalzgrafenstein. Angalia ratiba kabla hujatoka nyumbani. Rheinfels nenda na tochi yako, mahandaki yake ya chini hayana taa.

Nyingine huingii kabisa. Katz, iliyo juu ya St. Goarshausen, ni mali ya mtu binafsi; utaipiga picha kutoka ng'ambo. Jirani yake kuna Maus. Katz ni paka, Maus ni panya, na jina hili la pili inasemekana walilitoa watu wa Katzenelnbogen kumkejeli askofu wa Trier aliyeijenga.

Na wale wanaoniambia kulala ngomeni ni kwa wenye nazo, nawapeleka Stahleck, juu ya Bacharach. Lile gofu la 1689 lilijengwa upya miaka ya 1920 kuwa hosteli ya vijana, na wazee nao wanapokelewa, ili mradi una kadi ya uanachama wa hosteli. Ina mfereji wa ulinzi wenye maji nje ya ukuta, jambo la nadra hapa. Wikiendi za kiangazi hujaa mapema. Vitanda ni vya ghorofa, na mjomba alidai cha chini kabla hatujafungua hata mabegi.