Kidonda cha Kulala Kilichoanzia Wodini: Nani Aulizwe, na Aulizwe Nini

Kidonda cha kulala wakati mwingine hunuka kabla hakijaonekana. Namkumbuka binti mmoja aliyekuwa akimuuguza mama yake aliyepooza upande mmoja kwa kiharusi. Siku ya tisa alinifuata mezani, akaniambia kwa sauti ya chini: "Shikamoo sista. Mama ananuka, na asubuhi nimemwogesha." Tulipomgeuza tulikuta juu ya kifandugo, mfupa wa mwisho wa mgongo, ngozi nyeusi, ngumu, ukubwa wa kizibo cha soda. Daktari alipoiondoa ngozi ile iliyokufa, chini yake palikuwa na shimo ambalo ngumi ya mtoto ingeingia. Karatasi ya kumgeuzia mgonjwa, ambayo muuguzi huandika saa aliyomgeuza na kusaini, ilikuwa inaning'inia miguuni pa kitanda. Nafasi za usiku wa siku nne zilikuwa tupu.

Mama yule alilazwa ngozi yake ikiwa nzima. Mwenzetu mmoja alikuwa ameliandika hilo kwenye faili siku ya kwanza. Kwa hiyo kidonda kile tulikisababisha sisi, wala hakuna namna nyingine ya kulisema. Leo kazi yangu ni kufundisha wauguzi utunzaji wa vidonda, na bado naanza somo na karatasi ile.

Kitaalamu tunaviita vidonda vya mgandamizo. Mtu mwenye afya hujigeuza mara nyingi usingizini bila kujua, kwa sababu nyama iliyobanwa hulalamika na mwili husikia. Aliyepooza, aliyeumia uti wa mgongo, aliyepoteza fahamu au mzee aliyeishiwa nguvu hapati taarifa hiyo, au anaipata lakini hawezi kusogea. Mfupa unabana nyama kwa ndani, godoro linabana kwa nje, damu haipiti. Saa chache zinatosha. Madhara makubwa mara nyingi huanzia ndani, karibu na mfupa, kama embe linalooza kwenye kokwa huku ganda bado linang'aa. Ndiyo maana ndugu huapa kwamba jana hapakuwa na kitu.

Hapa nataka tukae kidogo. Vitabu vingi husema dalili ya kwanza ni wekundu usiopotea ukiubonyeza kwa kidole. Kwenye ngozi yetu nyeusi wekundu huo mara nyingi hauonekani, na nimeona wagonjwa wengi wakipitwa kwa sababu muuguzi alitafuta rangi aliyoisoma kitabuni. Tumia mkono. Weka kiganja juu ya kifandugo, kisha kwenye nyama ya pembeni, ulinganishe. Sehemu iliyoanza kuumia huwa na joto au baridi kuliko jirani yake, imekuwa ngumu au imelegea kama unga uliokandwa, au mgonjwa anashtuka ukiigusa. Rangi ikibadilika, huelekea weusi uliokolea au uzambarau. Fanya hivyo kwenye visigino, nyonga, viwiko, mabega na kisogo. Dalili hizo ni za hatua ya kwanza ya kidonda, na ukiondoa mgandamizo ngozi inaweza kurudi salama. Hatua ya pili ngozi imechubuka au ina lengelenge. Ya tatu shimo limefika kwenye mafuta. Ya nne unaona msuli au mfupa, na hapo vijidudu vina njia ya kuingia kwenye damu na kuua.

Huduma inayotakiwa haina siri. Mgonjwa akilazwa apimwe hatari yake. Kipimo cha Braden, kinachotumika tangu 1987, huangalia mambo 6, yakiwemo kuhisi, unyevu, lishe na uwezo wa kusogea. Alama ni 6 hadi 23, na mtu mzima mwenye 18 au chini yuko hatarini. Mgonjwa asiyejiweza ageuzwe, na utaratibu uliozoeleka ni kila saa 2, alazwe kiubavu kwa mwinuko wa nyuzi 30, si kusimamia nyonga. Visigino vielee kwa mto chini ya mashavu ya miguu. Anyanyuliwe na watu wawili kwa shuka, asiburuzwe, maana kuburuza huchana ngozi kwa ndani. Abadilishwe nepi mara inapolowa. Ale protini ya kutosha: mayai, maharage, dagaa, maziwa. Godoro la hewa husaidia, lakini halimgeuzi mtu. Na tuache kusugua sehemu iliyoanza kuumia, kumkalisha kwenye duara la mpira, au kumwagia kidonda spiriti. Maji safi ya chumvi ya hospitali yanatosha kukisafisha.

Nasikia mara kwa mara wodini: "Ndugu zake hawakumgeuza." Kauli hii inaniuma. Ndugu husaidia, na wengi husaidia kwa upendo mkubwa, lakini hawakusomea kazi hii na jioni huambiwa watoke. Wajibu ni wa hospitali. Uhaba wa wauguzi ni wa kweli; nimeshika zamu ya usiku peke yangu na wodi imejaa. Lakini mgonjwa siye aliyepanga zamu. Ndiyo maana uongozi uulizwe kabla ya kumrundikia lawama muuguzi mmoja.

Je, kila kidonda cha kulala ni uzembe? Hapana. Mgonjwa aliye mahututi, ambaye presha yake inashuka kila akiguswa, au aliye katika siku zake za mwisho, anaweza kupata kidonda hata akihudumiwa vizuri. Kisheria mlalamikaji anapaswa kuonyesha kwamba hospitali ilikuwa na wajibu kwa mgonjwa, kwamba huduma ilikuwa chini ya kiwango ambacho mtaalamu makini angekifikia, na kwamba upungufu huo ndio ulioleta madhara. Jibu huwa kwenye faili: ngozi ilikaguliwa lini, alama ya hatari ilikuwa ngapi, aligeuzwa saa ngapi na nani alisaini. Marekani imekwenda mbali zaidi. Tangu Oktoba 2008 bima ya serikali ya Medicare hailipi hospitali gharama ya ziada ya kidonda cha hatua ya tatu au ya nne kilichoanzia humo humo.

Kwa Tanzania Bara, anza kwa muuguzi kiongozi wa wodi, kisha mganga mfawidhi, kwa barua, na ubaki na nakala. Piga picha ya kidonda kwa ridhaa ya mgonjwa, na tarehe ionekane. Malalamiko dhidi ya daktari hupokelewa na Baraza la Madaktari Tanganyika. Ya muuguzi hupokelewa na Baraza la Uuguzi na Ukunga. Ukiamua kwenda mahakamani, madai ya uzembe yana ukomo wa miaka 3, na kabla ya kuishtaki Serikali hutakiwa kutoa notisi ya siku 90, nakala ya madai ikienda kwa Mwanasheria Mkuu. Muone wakili mapema.

Binti yule hakwenda mahakamani. Alikuja kwenye kikao na mganga mfawidhi akiwa na picha tatu kwenye simu, akaomba aonyeshwe karatasi ya kumgeuzia mama yake. Ililetwa, ikawekwa mezani, hakuna aliyebishana naye. Matibabu ya kidonda yalibebwa na hospitali, na kilifunga katika mwezi wa saba wa matibabu.