Nyuzi 95 na haijaungua: dhana potofu kuhusu joto la prosesa

Kijana ameunda kompyuta yake ya kwanza ya gemu, kila kitu kimewaka, halafu mshkaji mmoja akamwonyesha programu ya kusoma joto. Raha ikaishia hapo. Gemu haichezwi tena, kinachoangaliwa ni ile namba kwenye kona ya skrini. "Kaka, ipo 82, si inaungua hii?"

Haiungui. Ila hofu yenyewe haikuzuka bure. Ushauri mwingi unaozunguka vijiweni kuhusu joto la prosesa uliwahi kuwa kweli enzi zake, na mwingine haukuwahi kuwa kweli hata siku moja.

"Ikipita 80 inaungua"

Mwaka 2001 tovuti ya Tom's Hardware ilifanya jaribio lililozungumzwa sana: waling'oa kipozeo juu ya prosesa huku kompyuta inaendelea na kazi. Athlon za AMD za wakati ule zilifuka moshi na kufa palepale. Pentium 4 ya Intel ilijipunguzia kasi, gemu ikawa inakwenda kwa kusuasua, lakini ikabaki hai. Kinga ile ya Pentium 4 ndiyo leo iko ndani ya kila prosesa ya kompyuta unayoweza kununua dukani. Hofu ya mwaka 2001 imebaki, sababu yake imeondoka.

Kila modeli ina kikomo chake kilichopangwa na mtengenezaji. Core i5-12400 na Core i9-13900K za Intel zina nyuzi 100. Kwa AMD, Ryzen 5 5600X ina 95, Ryzen 7 5800X ina 90, na Ryzen 7 7800X3D ina 89. Prosesa ikigusa kikomo hicho inashusha kasi na umeme wake yenyewe ili isivuke. Ikishindikana, mathalani kipozeo kimeachia kabisa, inaizima kompyuta. Kwa hiyo swali la "nyuzi ngapi ni salama" halina jibu mpaka useme ni prosesa gani. Nyuzi 88 kwenye 12400 ni joto tu la kazi nzito. Nyuzi 88 kwenye 7800X3D maana yake umefika mlangoni.

Kwa nini 7800X3D ina kikomo cha chini hivyo? Kumbukumbu yake ya ziada imebandikwa juu ya viini vya prosesa, yaani sehemu zinazofanya kazi yenyewe, kwa hiyo joto lazima lipenye tabaka hilo ndipo lifike kwenye kipozeo. Kwenye 9800X3D ya mwaka 2024 AMD waligeuza mpangilio, kumbukumbu ikaenda chini na viini vikaja juu, na kikomo kikarudi 95.

Kesi inayowachanganya watu zaidi ni ya Ryzen 7000. Zilipotoka mwaka 2022 AMD walisema waziwazi kwamba kwenye mzigo wa viini vyote prosesa hizi zimepangwa zipande hadi 95 na zikae hapohapo, zikitafuta kasi yote inayopatikana chini ya kikomo hicho. Pia kifuniko chake cha chuma ni kinene, kwa sababu AMD walitaka vipozeo vya soketi ya zamani ya AM4 viendelee kuingia. Ukiweka kipozeo kikubwa zaidi juu ya 7700X, unaweza kukuta namba bado ni 95 na kasi ndiyo imepanda kidogo. Mtu asiyejua anarudisha kipozeo dukani akidai kibovu.

Kuna na ile kanuni kwamba kila nyuzi 10 zinazoongezeka zinakata maisha ya kifaa nusu. Ipo kweli kwenye elektroniki, ila inayosemwa zaidi ni kapasita za maji, zile za mviringo zilizomo kwenye pawa saplai na kwenye mazabodi nyingi, ile bodi kuu inayobeba prosesa. Kwa hiyo hewa ya moto iliyofungiwa ndani ya kasha ni hatari zaidi kwa pawa saplai yako kuliko nyuzi 85 zilizosomwa katikati ya prosesa.

"Bila kazi yoyote iko 55, kwa hiyo kipozeo kimefungwa vibaya"

Joto la prosesa iliyotulia halikwambii kitu kikubwa. Ryzen hasa zina tabia ya kuruka kutoka 40 hadi 60 kwa sekunde moja ukifungua tu kivinjari, kwa kuwa kiini kimoja kimepewa volti kubwa kimalize kazi haraka kirudi kulala. Feni nazo zinapiga kelele kisha kunyamaza, kelele kisha kunyamaza. Ingia kwenye BIOS, menyu ya mipangilio ya mazabodi, uzicheleweshe feni zisikimbilie kila mruko, basi.

Halafu namba zenyewe si zote za kuaminiwa. Ryzen 7 1700X na 1800X zilikuwa zinaripoti nyuzi 20 zaidi ya joto halisi, kwa makusudi, ili kuendesha feni. 2700X iliongeza 10. Programu ambayo haikujua hilo ilikuwa inamtisha mtu bure. Na ukiona kwenye HWiNFO, moja ya programu za kusoma joto, mstari unaoitwa AUXTIN unasoma 127, usikimbilie kuzima umeme, hiyo ni pini ya kihisi ambayo haijaunganishwa na chochote.

"Inapanda hadi 100, ninunue kipozeo cha maji"

Hapa ndipo pesa nyingi inapotea. Kabla hujanunua chochote, angalia namba inapanda *vipi*.

Washa mzigo mzito, programu ya kupima prosesa kama Cinebench inatosha. Prosesa ya kawaida kama 12400 ikiruka kutoka 40 hadi 95 ndani ya sekunde mbili tatu, tatizo haliko kwenye ukubwa wa kipozeo. Joto halifiki kwenye kipozeo kabisa. Shika mapezi yake kwa kidole: prosesa inasoma 100 na chuma juu yake bado ni vuguvugu. Mara nyingi chanzo ni moja ya mambo mawili. La kwanza ni ile plastiki nyembamba inayobandikwa kwenye kitako cha kipozeo kipya, imeandikwa kabisa kwamba itolewe, na haikutolewa. La pili ni miguu ya kipozeo cha Intel kinachokuja kwenye boksi. Ina pini nne za plastiki nyeusi zinazopenya kwenye mazabodi, na kila moja ina mshale juu. Unazikandamiza kwa mkato, pini mbili zinazotazamana kwanza, kisha mbili nyingine, na kila moja lazima ilie "tak". Pini moja isiposhika, kitako kinainamia upande mmoja, na kwa macho, ukitazama kwa juu, kila kitu kinaonekana sawa. Igeuze mazabodi utazame kwa nyuma. Pini iliyoshika imepanua vijino vyake viwili na mti mweusi umetokeza katikati, isiyoshika vijino vyake vimebanana. Fundi mwenye haraka halioni hilo, na mteja anauziwa kipozeo kingine.

Namba ikipanda taratibu, inakwenda 70, 76, 81, na dakika kumi baadaye ndiyo inafika 90, hapo kipozeo kinagusa vizuri. Kinachokosekana ni hewa.

Kuhusu maji: mfumo wa maji nao mwisho wake unapozwa kwa feni na hewa ya chumba kilekile, tofauti ni kwamba joto limesafirishwa hadi kwenye rejeta. Mfumo huo unaweza kumeza mruko wa joto vizuri kwa kuwa maji huchelewa kupata moto, na rejeta ya milimita 360 ina nafasi kubwa ya kutoa joto. Lakini umeongeza pampu, ambayo siku moja itakufa. Kipozeo cha hewa cha minara miwili kama Peerless Assassin 120 kinakaribiana na rejeta nyingi za milimita 240, na kitu pekee kinachoharibika ni feni unayoweza kuibadilisha. Kwa prosesa ya wati 65 sioni sababu ya maji hata moja, isipokuwa unapenda taa zake. Kupenda taa si dhambi, ila tusiite kupoza.

"Mbona jamaa wa YouTube anapata 65 na kifaa hicho hicho?"

Kwa sababu chumba chake kina nyuzi 21. Kipozeo hakiwezi kushusha joto chini ya hewa inayokipita, kinachofanya ni kupunguza pengo kati ya prosesa na hewa hiyo. Pengo la jamaa likiwa 44, chumba chako Dar mchana wa Februari kikiwa na 32, wewe utaona 76 na hamjapishana chochote. Kabla ya kulinganisha namba na mtu yeyote, toa kwanza joto la chumba.

Nairobi kuna ubaridi lakini kuna jambo lingine. Jiji liko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani kwa asilimia 15 hivi. Feni ikizunguka kwa kasi ileile inasukuma hewa yenye uzito mdogo, na hewa hiyo inabeba joto dogo. Pengo linaongezeka kwa nyuzi chache. Bado mtu wa Nairobi ana nafuu kuliko wa Mombasa, ila si kwa kiasi ambacho kipimajoto cha ukutani kingekufanya utarajie.

"Toa ubavu wa kasha, hewa iingie"

Kama jaribio, ndiyo. Vua ubavu, cheza gemu ileile nusu saa. Joto likishuka nyuzi moja mbili, kasha lako ni zima, rudisha. Likishuka nane, kasha linakosa hewa, na kwa kawaida mkosaji ni ule uso wa mbele wa kioo kisicho na matundu, nyuma yake feni tatu za rangi zinahangaika. Kuacha wazi moja kwa moja hakuui kompyuta, lakini kunakaribisha vumbi na mijusi. Pwani vumbi likikutana na unyevu na chumvi ya hewa linagandamana kwenye mapezi na halitoki kwa kupuliza kwa mdomo. Tumia brashi laini, na ukitumia pampu ya upepo zuia feni kwa kidole zisizunguke ovyo.

Feni ya mezani ikielekezwa kwenye kasha lililo wazi inasaidia kweli, tena sana. Ni mbaya kwa macho tu.

"Kipozeo kikubwa kitapoza na chumba"

Hapana, na hii wengi hawaikubali kirahisi. Nyuzi na wati ni vitu viwili. Njiti ya kiberiti ina joto kali kuliko sufuria ya maji yanayochemka, lakini sufuria ndiyo inayofukiza jiko zima. Core i9-13900K ikivuta wati 253, wati zote 253 zinaishia chumbani mwako, iwe inasoma 100 chini ya kipozeo kidogo au 75 chini ya rejeta. Na mara nyingi kwenye gemu mchomaji mkuu hata si prosesa: kadi ya picha ya RTX 4080 imepangiwa wati 320, wakati prosesa za kawaida kwenye gemu huwa chini ya 100.

Anayetaka chumba kitulie apunguze wati. Ryzen 7 7700X ukiiweka kwenye Eco Mode ya wati 65, yaani hali ya kubana umeme, ukomo wake wa umeme unashuka kutoka 142 hadi 88, na kwenye gemu nyingi hutaona tofauti. Kufunga fremu zisipite zile skrini yako inazoweza kuonyesha kunasaidia hata zaidi, kwa kuwa kadi ya picha nayo inapumzika.

Nyingine za haraka

Pesti ya prosesa haibadilishwi kila miezi mitatu. Nzuri inakaa miaka, ibadilishe ukiona namba zimepanda bila sababu au umeng'oa kipozeo. Dawa ya meno hufanya kazi siku ile ya kwanza, kisha inakauka. Pesti ikizidi inamwagika pembeni na si janga, ikipungua ndiyo shida. AC haileti maji ndani ya kompyuta inayowaka, maana vifaa vina joto kuliko hewa. Kuitoa kompyuta baridi chumba cha AC na kuipeleka nje kwenye unyevu wa pwani, hapo umande unaweza kutokea, iache itulie kabla ya kuwasha.

"Joto likiwa zuri, prosesa iko salama"

Mwaka 2024 wenye Core i7 na i9 za kizazi cha 13 na 14 walikuwa wanaona gemu zinaanguka ovyo, wengi wao na joto lisilozidi kikomo. Intel walieleza baadaye kwamba prosesa zilikuwa zinaomba volti ya juu kupita kiasi, nayo ikawa inaharibu sehemu ya ndani polepole. Rekebisho lililopewa namba 0x129 lilitoka Agosti 2024 kupitia masasisho ya BIOS, likafuatiwa na 0x12B mwezi Septemba, na Intel wakaongeza dhamana ya modeli zilizoathirika kwa miaka 2. Sasisho linazuia uharibifu mpya, haliponyi prosesa ambayo tayari imeumia. Ukiuziwa i9-13900K ya mtumba yenye bei tamu, usiishie kuuliza inafika nyuzi ngapi. Uliza mazabodi ilikuwa na BIOS ya lini, risiti ipo au haipo, kisha iendeshe gemu nzito mbele yako kwa saa nzima kabla hujatoa hela.