Kwa nini anayehema sana huhisi amekosa hewa?

Umewahi kupuliza sigiri iliyogoma kuwaka? Mkaa umelowa mvua, watoto wanasubiri chai, nawe umeinama uani unapuliza mfululizo hadi masikio yanavuma. Ukisimama, unapepesuka. Mara nyingi kizunguzungu hicho hutokana na kutoa pumzi nyingi mno, na ndicho kinachompata, kwa ukali zaidi, mtu anayehema kwa hofu au majonzi.

Pale Busia, karibu na steji ya taksi, nilimwona binti aliyepigiwa simu ya msiba. Alijibwaga kwenye veranda ya duka, kifua kikienda kama mvukuto wa mhunzi. Akasema midomo inakufa ganzi. Kisha vidole vikaanza kukaza vyenyewe: vimenyooka, vimebanana, gumba limelalia kiganja. Muuza matoke mmoja akanong'ona kwamba hayo ni mayembe, yaani mapepo ya uchawi. Watu wakamzunguka wakimpepea kwa leso, wote wakisema, "Vuta pumzi, dada! Vuta!" Naye akavuta, masikini, na vidole vikazidi kukaza.

Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika, akiingiza oksijeni na kutoa hewaukaa. Hewaukaa tumezoea kuiita taka, lakini mwili unaitaka kwa kiasi, maana ndiyo inayosaidia kulinda kiwango cha asidi katika damu. Ukihema mbio, oksijeni haiongezeki kitu, kwa kuwa damu ilikuwa imeshajaa. Kile kidude cha kubana kidoleni tulichokizoea wakati wa Korona huenda kikasoma oksijeni asilimia 98 au 99. Kinachopungua ni hewaukaa. Damu ikikosa asidi ya kutosha, mishipa ya ubongo husinyaa, kichwa kikawa chepesi. Hemoglobini, ile protini ya damu inayobeba oksijeni, nayo huing'ang'ania, haiiachii kirahisi. Hata kalsiamu iliyo huru damuni hujishikiza kwenye protini, neva zikawa nyepesi kushtuka: ndipo ganzi, michomo ya sindano na misuli kukaza. Mgonjwa akiyaona hayo huogopa, akiogopa huhema zaidi.

Kwa hiyo "vuta pumzi" ni ushauri mbaya kwake. Kiswahili chenyewe kina neno bora: kushusha pumzi. Mwenye duka, mzee wa makamo, aliwasogeza watu, akachuchumaa mbele ya yule binti akamwambia, "Mwanangu, shusha. Polepole, kama unapoza uji." Hakukosea. Kaza midomo kidogo kama anayepoza uji, toa pumzi huku ukihesabu hadi sita, kisha ingiza kwa pua hadi nne, mkono ukiwa tumboni ili tumbo ndilo liinuke, si mabega. Anayemsaidia apumue hivyo hivyo mbele yake, maana maneno matupu hayasikiki kwa mtu aliyeshikwa na hofu.

Wapo wanaokumbuka ushauri wa zamani wa kupumulia ndani ya mfuko wa karatasi. Uache. Kama kumbe ni pumu au moyo, unamnyima oksijeni mtu anayeihitaji. Kavera, yaani mfuko wa plastiki, ndiyo usiiguse kabisa.

Hapa nataka tuwe waangalifu. Si kila kuhema ni hofu. Mtoto mwenye homa anayevuta pumzi nzito na za haraka anaweza kuwa na malaria kali au nimonia. Mwenye kisukari naye huhema hivyo sukari ikimpanda vibaya. Maumivu ya kifua, midomo kugeuka bluu, mlio kifuani, kuchanganyikiwa, au kuhema kunakomjia mtu kwa mara ya kwanza bila sababu ya wazi: hayo ni ya kukimbizwa kituo cha afya, si ya kupoza uji. Na anayepanda milima ya Rwenzori kuelekea kilele cha Margherita, mita 5,109, huhema kwa haki yake, kwani hewa ya kule ni nyepesi. Lakini akihema hata akiwa amekaa, ateremshwe.

Hali ikimrudia mtu mara kwa mara, tuseme kila mtihani ukikaribia, amwone mhudumu wa afya, na zoezi la kushusha pumzi alifanye nyumbani siku ambazo hana wasiwasi, ili mwili ulizoee.

Yule binti vidole vilimkunjuka baada ya kama dakika kumi. Akaomba simu yake, akaanza kuulizia basi la kwenda kwao.