Ufashisti na madhabahu: tunayoyasikia Moshi na yaliyotokea

"Hitler na Mussolini walikuwa wapagani, ndiyo maana wakafanya yale." Hii ndiyo dhana inayosikika zaidi hapa Moshi watu wakitoka ibadani, na inafariji kwa sababu inatutoa waumini kwenye lawama. Mussolini, mwanzilishi wa ufashisti wa Italia, yaani siasa ya utaifa mkali chini ya kiongozi mmoja asiyepingwa, kweli alimkana Mungu ujanani. Alipokwisha kutawala akaona faida ya kupatana na Kanisa, na Februari 1929 ukasainiwa Mkataba wa Laterano uliozaa dola ya Vatikani. Serikali ya Hitler nayo iliwekeana mkataba na Vatikani Julai 1933, kabla hata hajamaliza mwaka madarakani. Sensa ya Ujerumani ya 1939 ilikuta zaidi ya asilimia 90 ya watu wakijiandikisha kuwa Wakristo. Basi waliokuwa wakimpigia saluti ni kina nani?

"Lakini Walutheri walimpinga, si kuna Bonhoeffer?" Hili linatugusa, maana Ulutheri wetu wa Kilimanjaro ulipandwa na wamisionari wa Leipzig waliofika Machame 1893. Bonhoeffer, mchungaji Mjerumani aliyempinga Hitler, alinyongwa Aprili 1945, na anastahili heshima zote. Ila watu wa namna yake walikuwa wachache. Julai 1933 kundi lililojiita Wakristo wa Kijerumani, lililotaka kanisa liende na siasa za Hitler, lilishinda kwa kishindo uchaguzi wa makanisa ya Kiprotestanti. Hao walitaka hata mchungaji aliyebatizwa na kuwekewa mikono avuliwe utumishi akiwa na asili ya Kiyahudi. Mei 1934 wapinzani wao walikutana Barmen, huko huko Ujerumani, wakatamka kwamba dola haiwezi kuwa bwana wa Kanisa. Tamko zito kweli. Lakini juu ya Wayahudi waliokuwa wakiteswa mtaani, halina neno hata moja.

"Biblia imesema tutii mamlaka." Warumi 13, naam, sura inayopendwa na kila mwenye cheo. Mashahidi wa Yehova wa Ujerumani walikuwa na Warumi 13 ileile, wakakataa saluti na jeshi, wakaishia kwenye kambi za mateso wakiwa wameshonewa pembetatu ya zambarau, alama ya kuwatambulisha.

Wengine husema kila dikteta ni fashisti. Stalin wa Urusi ya Kisovieti alikuwa mkomunisti, hakuwa fashisti, na aliua makasisi wengi. Vita vilipombana, 1943, naye akaona faida ya Kanisa, akaruhusu Waorthodoksi wachague patriaki, yaani mkuu wa kanisa lao.

Na ile ya mwisho, "mtu wa madhabahuni hawezi kushiriki uovu kama huo," haihitaji Ulaya. Jibu lake lilisomwa Arusha, kwenye Mahakama ya Kimataifa ya Rwanda, iliyohukumu wahusika wa mauaji ya kimbari ya 1994. Padre Athanase Seromba alikuwa na parokia ya Nyange. Aprili 1994 Watutsi wapatao 1,500 walikimbilia kanisani kwake, na kanisa likabomolewa kwa tingatinga wakiwa ndani. Mwaka 2006 alihukumiwa miaka 15. Rufaa ya 2008 ikaona yeye mwenyewe alimkubalia dereva wa tingatinga aendelee, ikampa kifungo cha maisha.