Kitenzi cha deni: safari ya "shall", "sollen" na "skal"

Katika Injili ya Luka, sura ya 16, yumo wakili wa mali ya tajiri ambaye anakaribia kufukuzwa kazi. Kabla hajakabidhi hesabu anawaita wadeni wa bwana wake mmoja mmoja, na wa kwanza anamuuliza: "Wawiwani na bwana wangu?" Ndivyo inavyosomeka Biblia ya Union. Yule mdeni anataja vipimo mia vya mafuta, naye wakili anamwambia aketi upesi, aandike hamsini.

Swali hilohilo lilitafsiriwa kwa Kigothi katika karne ya 4, katika Biblia ya Askofu Wulfila, aliyehubiri kwa Wagothi wa pande za mto Danube: "hwan filu skalt fraujin meinamma?" Yaani, kiasi gani wadaiwa na bwana wangu? Nakala yake maarufu zaidi, iliyoandikwa kwa wino wa fedha na dhahabu juu ya ngozi iliyotiwa rangi ya zambarau, inahifadhiwa hadi leo katika Chuo Kikuu cha Uppsala, Uswidi. Neno la kutazama hapo ni "skalt". Halisaidii kitenzi kingine chochote. Limesimama lenyewe, na maana yake ni moja tu: unadaiwa.

Anayejua Kiingereza ataona sura ya "shalt" hapo, na hakukosea. "Shall" ya Waingereza, "sollen" ya Wajerumani, "zullen" ya Waholanzi, "sal" ya Kiafrikaans, "skal" ya Denmark na Norwei, "ska" ya Uswidi na "skulu" ya Aislandi ni watoto wa mama mmoja. Leo wengine ni alama ya wakati ujao, wengine ni amri, wengine ni uvumi. Sisi tunaofundisha historia ya lugha hupenda kuanzia kwenye kitenzi hiki tunapotaka kuonyesha jinsi lugha za Kigermanik zilivyoachana njia, kwa sababu nyayo zake zote bado zinaonekana.

Kwanza, nomino zake. Kijerumani kina "Schuld", ambayo ni deni na pia ni hatia. Kwa wingi, "Schulden", ni madeni ya pesa tu. Kiswidi kina "skuld" kwa maana hizo zote mbili. Kilithuania, ambacho si lugha ya Kigermanik, kinaliita deni "skola", na hiyo ndiyo dalili kwamba mzizi huu ni mkongwe kuliko familia yenyewe ya Kigermanik. Kisha kuna Sala ya Bwana. Waswahili wanaosoma Mathayo 6:12 katika Biblia ya Union wanakuta "utusamehe deni zetu, kama sisi nasi tuwasamehevyo wadeni wetu". Wulfila naye anawaita wadeni hao "skulans", jina lililochongwa kutokana na kitenzi kilekile cha yule wakili.

Jacob Grimm, bingwa wa lugha wa Ujerumani katika karne ya 19, alitaka kwenda mbali zaidi. Alidhani kwamba umbo la "skal" lilimaanisha hapo zamani "nimeua", na kwa hiyo "napaswa kulipa fidia ya damu", kwa kuwa sheria za makabila ya Kigermanik zilimtaka muuaji awalipe ndugu wa marehemu. Ni wazo tamu, na mtu yeyote anayeijua diya atalielewa mara moja. Kasoro yake ni kwamba maandishi hayaonyeshi kuua popote. Yanaonyesha deni.

Hata hivyo Grimm hakukosea kuhusu umbo. "Skal" kweli ni umbo la wakati uliopita linalobeba maana ya sasa, na Mswahili hana sababu ya kushangaa, kwa sababu yeye husema "mtoto amelala" akimaanisha kwamba usingizi unaendelea saa hii, na "amesimama mlangoni" kwa mtu ambaye bado yuko pale. Tendo limekwisha, hali imebaki. Vitenzi kadhaa vya Kigermanik vilijengwa hivyo: "weiß" ya Kijerumani, yaani "najua", ina asili ya "nimeona". Ndiyo sababu mwanafunzi wa Kiingereza huambiwa aseme "he shall" bila kuongeza ile "s" anayoiweka kwenye "he walks", na Mjerumani husema "er soll" bila "t". Wakati uliopita wa lugha hizo haukuwa na kiishio hicho katika nafsi ya tatu, na kitenzi hiki kimeng'ang'ania vazi lake la zamani. Walimu wengi huwaambia wanafunzi kwamba hii ni "kanuni isiyo na sababu". Sababu ipo, ila ina umri wa zaidi ya miaka elfu mbili.

Kutoka deni hadi wajibu si mbali. Anayedaiwa mafuta hana budi kuyatoa. Basi kitenzi kikaanza kuchukua tendo baada yake badala ya kitu: nadaiwa kutoa, napaswa kutoa. Kiswahili kimepita njia hiyohiyo. "Kuwia" ni kumdai mtu, na "kuwiwa" ni kudaiwa, lakini leo msemaji jukwaani akitamka "nawiwa kuwashukuru wenyeji wetu" hakuna anayetafuta daftari la madeni. Paulo katika Warumi 1:14, "nawiwa na Wayunani na wasio Wayunani", yuko katikati kabisa ya daraja hilo: ni deni, lakini la kuhubiri.

Hatua ya pili, kutoka wajibu hadi wakati ujao, inafuata bila kelele. Kilicho lazima kufanyika kinatarajiwa kufanyika. Watu wa Skandinavia ya kale waliliona hilo kwa macho ya imani: shairi la Kiaislandi la Völuspá linawataja wanawake watatu wanaopanga maisha ya wanadamu, Urðr, Verðandi na Skuld. Majina mawili ya kwanza yanatokana na kitenzi cha "kuwa" au "kutokea". La tatu linatokana na kitenzi chetu, na ndilo neno hilohilo la deni.

Kiingereza kina kituko chake hapa. "Shall" ilipokuwa inauacha ulimwengu wa pesa, pengo lilihitaji kuzibwa. Geoffrey Chaucer, aliyefariki mwaka 1400, bado aliweza kuandika "shal" peke yake kwa habari ya imani ambayo mtu anadaiwa na Mungu, lakini hayo yalikuwa mabaki. Aliyeziba pengo ni kitenzi cha kumiliki. "Agan" katika Kiingereza cha kale ilikuwa "kuwa na mali", na ndiyo iliyozaa "own". Watu wakawa wanasema mtu "ana cha kulipa", na taratibu kile "ana" kikameza maana yote: "owe", yaani kudaiwa. Kwa hiyo neno la tajiri likawa neno la mdeni. Halafu, kana kwamba somo la kwanza halikutosha, umbo lake la wakati uliopita likageuka "ought", inayomaanisha kupaswa. Deni likazaa wajibu mara ya pili, katika lugha ileile, kwa kitenzi kingine kabisa.

Mpinzani wa "shall" katika kuonyesha wakati ujao alikuwa "will", na asili ya huyo ni kutaka. Hapa Kiswahili kiko upande wa "will". Wanaisimu wanakichukulia kiambishi "-ta-" kuwa ufupisho wa kitenzi "taka", na ushahidi wake bado unatamkwa kila siku: husemi "atayekuja", unasema "atakayekuja", na "taka" yote inajitokeza. Kwa Kiingereza vitenzi viwili vilibaki vikigombea nafasi moja. Waliotafsiri Biblia pamoja na John Wycliffe katika karne ya 14 waliitumia "shall" kwa wakati ujao wa Kilatini na kuiachia "will" kazi ya kutaka. Mwaka 1653 John Wallis, mwanahisabati wa Oxford, akachapisha kwa Kilatini sarufi ya Kiingereza iliyoweka kanuni: kwa nafsi ya kwanza "shall" hutabiri tu, na "will" huahidi au hutishia, kwa nafsi ya pili na ya tatu, kinyume chake.

Kanuni hiyo iliwatesa wanafunzi kwa vizazi, wa kwetu wakiwemo. Vitabu vya sarufi viliichekesha kwa kisa cha mtu aliyetumbukia majini akapiga kelele "I will drown, and nobody shall save me!" Kwa mujibu wa Wallis, maskini huyo alikuwa anatangaza kwamba ameazimia kuzama na hatamruhusu mtu amwokoe, na kwa hiyo wastaarabu wakamwacha. Mhusika huwa ni Mwairishi au Mskoti, na hilo linaonyesha kanuni ilikuwa na kazi gani hasa: kuwatenga waliosema Kiingereza cha kwao. Binafsi sioni haja ya kuifundisha tena, isipokuwa kama historia.

Mahali ambapo deni la zamani bado lina nguvu ni kwenye sheria. Mkataba unaposema "the tenant shall pay", hautabiri tabia ya mpangaji, unamwekea deni. Tatizo ni kwamba waandishi wa sheria waliipenda "shall" mno, wakaitia hata pasipo na mtu wa kuwajibika, hadi mwaka 1995 Mahakama Kuu ya Marekani ikakiri katika hukumu kwamba waandishi wa sheria wakati mwingine huitumia kwa maana ya "anaweza" tu. Kanuni za mashauri ya madai za mahakama za shirikisho nchini humo ziliandikwa upya mwaka 2007 kwa kuiondoa. Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 1996 inatumia "must". Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 haikufuata mtindo huo; "shall" imejaa humo.

Mfasiri wa Kiswahili anajikuta mahali pa ajabu. Katiba ya Tanzania, ibara ya 33, inasema "Kutakuwa na Rais wa Jamhuri ya Muungano", na hakuna msomaji anayeidhania kuwa ni utabiri. Kiambishi cha kutaka kinabeba mzigo wa kitenzi cha deni, na kinaubeba vizuri kwa sababu sentensi imo ndani ya katiba. Kwenye mkataba wa kupanga nyumba hali si hiyo. "Mpangaji atalipa kodi kila tarehe 5" inaweza kusomwa kama matumaini. "Mpangaji anapaswa kulipa" au "atawajibika kulipa" haimwachii mtu mwanya. Kwa mikataba, ningechagua mojawapo ya hizi mbili za mwisho kila mara.

Kijerumani hakikuipa "sollen" wakati ujao. Kazi hiyo waliipa "werden". "Sollen" ikabaki na deni lake: katika vitabu vya hesabu upande wa kushoto huandikwa "Soll" na wa kulia "Haben", yaani anachodaiwa na alicho nacho. Katika maongezi, "sollen" daima ina mtu mwingine nyuma yake. "Ich muss gehen" ni hali inayonilazimu. "Ich soll gehen" ni kwamba kuna aliyeniagiza, awe daktari, bosi au mama mkwe.

Huyo mtu wa nyuma ndiye anayewaponza Waswahili wanaosoma magazeti ya Ujerumani. "Er soll reich sein" si "anapaswa kuwa tajiri", ni "inasemekana ni tajiri": mwandishi anayaweka maneno begani mwa aliyeyasema. Kiswidi na Kinorwei hufanya vilevile, "han ska vara rik", "han skal være rik". Ukikuta habari za polisi kwamba mtu fulani "soll" ameiba gari, tafsiri "anadaiwa kuiba gari", kama redio zetu zisemavyo juu ya mtuhumiwa ambaye kesi yake haijaamuliwa.