Pamba Kutoka Nyeupe Si Kipimo cha Uso Safi

Mgonjwa ameketi mbele yangu, kope zimevimba na kuchubuka, mashavu yamekuwa meusi kuliko paji la uso. Nikamwomba anionyeshe anavyoondoa mekapu. Akachukua pamba, akailowesha kwa maji ya miseli, yaani maji yenye kemikali za kusafishia, akaanza kufuta. Nilihesabu: shavu la kulia peke yake alilipitisha mara kumi na tisa. Alipomaliza akanigeuzia ile pamba. “Unaona, daktari? Bado ina rangi. Hapo lazima nirudie.” Hurudia hivyo kila usiku, pamba saba au nane, mpaka ya mwisho itoke nyeupe.

Nimeshasikia maneno hayo kutoka kwa watu wengi mno. Ndiyo maana naandika.

Dhana: Uso haujatakata mpaka pamba itoke nyeupe

Hakuna kauli inayonichosha kama hii. Pamba ukiisugua kwenye ngozi ya jioni itatoka na rangi hata pale ambapo hukupaka kitu. Jaribu nyuma ya shingo yako usiku huu. Ule ukahawia hafifu ni jasho, mafuta ya ngozi yenyewe na seli zilizokufa ambazo umezing’oa kwa kusugua. Ukiendelea kufuta huku ukisubiri weupe, huondoi mekapu tena, unaondoa ngozi.

Na ngozi hiyo ndiyo kinga yako. Tabaka la nje kabisa la uso ni jembamba kuliko karatasi ya daftari, na seli zake zimeshikamanishwa na mafuta ya ngozi yenyewe: seramidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Watafiti wanapotaka kuiharibu kinga hiyo makusudi ili waichunguze, hawahitaji kemikali kali. Hubandika utepe wa gundi na kuubandua mahali palepale mara nyingi, seli zikitoka safu baada ya safu, mpaka ngozi ianze kupoteza maji kuliko kawaida. Pamba nane kila usiku zinaelekea hukohuko. Mwenye ekzema, ule ugonjwa wa ngozi kavu inayowasha, kinga yake ilikuwa dhaifu tangu mwanzo. Kila anapojikwaruza anayafungulia njia manukato na vihifadhi vilivyomo kwenye vipodozi vyake, na kitu kikishapenya ndipo mwili unapoweza kujifunza kukikataa.

Kope zinaumia zaidi. Ngozi yake ina unene wa karibu nusu milimita tu, hakuna iliyo nyembamba kama hiyo mwilini, na hapo ndipo watu husugua kwa nguvu kuliko popote kwa sababu maskara haitoki.

Kwenye ngozi nyeusi kuna adhabu nyingine. Uvimbe na mikwaruzo huacha madoa meusi yanayokaa miezi. Mtu ananunua fondesheni nzito zaidi ili ayafiche, fondesheni nzito inasuguliwa zaidi, madoa yanaongezeka. Nimekutana na watu waliokaa ndani ya mzunguko huo kwa miaka, wakiamini tatizo lao ni chunusi.

Kwa nini watu husugua? Kwa sababu wanatumia kitu kisichoyeyusha. Fondesheni ya kukaa kutwa na maskara isiyoingia maji zimetengenezwa kwa nta, silikoni na polima zinazoganda kama utando juu ya ngozi. Rangi yenyewe, ambayo mara nyingi ni oksidi za chuma, imenaswa ndani ya utando huo. Maji hayauwezi. Mafuta ndiyo yanayoulegeza, lakini yanahitaji muda, na muda ndio watu wanaoninyima. Wanapaka, wanafuta papo hapo, kisha wanalaumu bidhaa.

Fanya hivi. Nawa mikono kwanza. Uso ukiwa mkavu, na mikono mikavu, paka mafuta ya kusafishia yasiyo na manukato, au zeri ya kusafishia, ukipitisha ncha za vidole polepole kwa dakika nzima. Dakika nzima kwa saa, si kwa kukisia. Utaona fondesheni inaanza kuteleza na kuchanganyika. Hapo lowesha vidole kwa maji ya vuguvugu uendelee, na kama bidhaa ina kiunganishi cha mafuta na maji itageuka nyeupe kama maziwa. Huo ndio weupe ninaotaka uutafute. Suuza vizuri, ukaushe uso kwa kuubonyeza na taulo laini, kisha paka krimu ngozi ikiwa bado na unyevu. Ukihisi mafuta yamebaki, osha mara moja kwa klenza laini isiyo sabuni.

Macho yana utaratibu wake. Kama unavaa lenzi, zitoe kwanza. Lowesha pamba kwa kiondoa mekapu chenye mafuta, iweke juu ya jicho lililofumbwa, uiache hapo kwa sekunde thelathini bila kuisogeza. Kisha ivute chini taratibu, mara moja. Wanja ukibaki kwenye mizizi ya nywele za kope, rudia kubonyeza, usirudie kusugua. Na ukibaki kidogo hata baada ya hapo, ulale nao. Kivuli cha wanja asubuhi ni afadhali kuliko kope lililochubuka.

Wagonjwa wangu wenye mzio mkali huwa nawarudisha kwenye mafuta ya mgando ya kawaida, yasiyotiwa manukato. Wengine hunitazama kama nimewadharau, walitarajia chupa ya kioo. Lakini ndiyo mafuta ambayo sisi huchanganyia vitu vya kupimia mzio, kwa sababu ngozi karibu haiyakatai kamwe. Paka kidogo kwenye kope zilizofumbwa, subiri, futa kwa pamba yenye maji. Macho yataona ukungu kwa muda mfupi, na ukungu huo hutoweka wenyewe. Kwa mtu ambaye kila alichonunua kimemchonyota, naanzia hapo.

Dhana: “Nimeitumia miaka mitano, haiwezi kuwa yenyewe”

Hii inafuata kwa karibu. Mzio wa kugusa hauzaliwi nao, unaupata, na unaweza kuupata siku yoyote, hata kwa bidhaa uliyoizoea. Mwili hukutana na kemikali mara nyingi bila kusema neno, kisha siku moja unaitambua kama adui. Kuanzia hapo kila mkutano unazua uvimbe. Ukweli kwamba umeitumia kila siku hauiondolei lawama. Kugusana kila siku ndiko kunakoupa mwili nafasi ya kuizoea kwa ubaya.

Kinachowapoteza watu ni ule mwendo wake wa polepole. Dalili za mzio huu huja saa 24 hadi 72 baada ya kugusana. Uvimbe wa Jumatano unaweza kuwa umetokana na kitu cha Jumatatu, lakini mtu anamshtaki yule aliyemkuta Jumatano asubuhi. Bidhaa inayochonyota mara tu inapogusa ngozi, na kutulia ukiisuuza, mara nyingi imekuudhi ngozi tu, si mzio. Matibabu ni tofauti, na ndiyo maana nauliza saa.

Kuna mshtakiwa mwingine ambaye hakuna anayemtaja: kucha. Rangi ya kucha na hasa zile jeli zinazokaushwa kwa taa zina kemikali zinazoweza kuleta mzio, na vidole vyenye kucha hizo hugusa macho mara nyingi kutwa. Kwenye vidole hapaonekani kitu, kope zinavimba. Mtu anabadilisha viondoa mekapu vinne na kope ziko vilevile.

Kipimo cha kweli cha mzio huu hubandikwa mgongoni: vipande vidogo vyenye vitu mbalimbali, vinakaa saa 48, vinabanduliwa, na mgongo unasomwa hapo na tena siku chache baadaye. Kipimo cha damu hakitakuonyesha mzio huu. Naomba msilipie damu kwa ajili yake.

Dhana: Vitambaa vyenye unyevu ndivyo vya upole

Vinasugua, na vinaacha dawa yake usoni kwa sababu hakuna anayesuuza baadaye. Kitambaa kinachokaa na maji ndani ya pakiti kwa miezi lazima kiwe na kihifadhi, la sivyo kitaota ukungu. Miaka iliyopita wengi waliumizwa na kihifadhi kiitwacho methylisothiazolinone, kilichokuwa kimejaa kwenye vitambaa hivi. Umoja wa Ulaya ulikipiga marufuku mwaka 2017 kwenye vipodozi vinavyobaki juu ya ngozi, lakini vya kuoshwa bado vinaruhusiwa kuwa nacho kwa kiasi kidogo, na sheria hiyo si ya dunia nzima. Lisome jina hilo kwenye kopo, herufi kwa herufi. Safarini kitambaa kinaweza kukufaa, mradi usuuze uso ukifika penye maji.

Dhana: Maji ya miseli hayasuuzwi

Suuza. Miseli ni vijikundi vidogo sana vya kemikali za kusafishia, na kemikali hizo hazipotei kwa sababu lebo imesema hivyo. Ngozi imara inavumilia. Ya kwako haina sababu ya kulala nazo usiku kucha.

Dhana: Kiondoa mekapu kikichonyota, ujue kinafanya kazi

Hapana. Kuondoa mekapu hakuhitaji kuuma, hata kidogo. Ukihisi moto, suuza na uache.

Dhana: Lebo imesema “haisababishi mzio”, basi ni salama

Marekani ilijaribu mwaka 1975 kuweka sheria ya neno hilo, ikitaka kampuni zifanye vipimo kabla ya kulitumia. Kampuni zikaenda mahakamani, na mwaka 1977 sheria ikabatilishwa. Huko hadi leo mtengenezaji analiandika kwa maana anayoitaka mwenyewe. “Isiyo na harufu” nayo inatega watu: bidhaa inaweza kuwa imetiwa manukato ya kufunika harufu ya viungo vingine. Unachotafuta ni bidhaa isiyotiwa manukato kabisa, na orodha ya viungo isiyo na neno parfum. Kadiri orodha ilivyo fupi, ndivyo nitakavyopata kirahisi kilichokudhuru.

Dhana: Cha asili hakidhuru

Limau lina asidi kali mno kwa uso, na likipigwa na jua linaweza kuunguza ngozi. Mafuta ya zeituni yana asidi ya oleiki nyingi, inayolegeza kinga ya ngozi ya mwenye ekzema. Mafuta yanayotoa harufu za mimea, yakikaa wazi na kuingiliana na hewa, hutengeneza vitu vinavyoleta mzio kuliko yalivyokuwa mapya. Mwili hauulizi kitu kimetoka shambani au maabara.

Dhana: Maji ya moto hufungua vitundu vya ngozi

Vitundu havina msuli wa kuvifungua wala kuvifunga. Maji ya moto huyeyusha mafuta ya kinga na kuzidisha kuwasha. Vuguvugu, basi.

Dhana: Kujaribu mara moja mkononi kunatosha

Hakutoshi, kwa sababu ya zile saa 72 nilizozitaja. Ijaribu bidhaa mpya mahali palepale, upande wa ndani wa mkono karibu na kiwiko, mara mbili kwa siku kwa siku saba hadi kumi na nne. Kama ni ya kusuuzwa, isuuze kama utakavyofanya usoni, maana klenza yoyote ukiiacha ikauke kwenye ngozi itakuudhi na utailaumu bure. Jaribu moja kwa wakati mmoja. Ukianza tatu kwa pamoja na ngozi ikalipuka, sote wawili tutakuwa gizani.

Jicho likivimba hadi kufunga, au midomo ikivimba na pumzi ikawa nzito, nenda hospitali saa hiyohiyo. Kwa mengine yote, unapokuja kumwona daktari njoo na kila kinachokugusa usoni na vidoleni: kiondoa mekapu, maskara, brashi, shampuu, na ile chupa ya rangi ya kucha. Kama mfuko ni mzito, piga picha za nyuma ya makopo, upande wenye maandishi madogo.