Jinsi vyuo vya Marekani vinavyowania makinda wa safu ya ulinzi

Timu za NFL, ligi ya kulipwa ya futiboli ya Kimarekani, hazina akademia za vijana. Kijana anatoka sekondari, anachezea chuo kikuu, na sheria ya ligi inataka miaka mitatu ipite tangu amalize sekondari ndipo timu iruhusiwe kumchukua. Kwa hiyo vyuo ndivyo vinavyogombania makinda: kumfuatilia kijana, kumpa ofa ya ufadhili wa masomo, na kumshawishi mpaka amwage wino.

Mchezo huo siku hizi unamtegemea sana kwotabeki, yule mpiga pasi mkuu. Mlinzi anayeweza kumfikia na kumwangusha kabla hajaachia mpira, au beki anayemkaba mpokeaji peke yake bila msaada, ni adimu. Kijana wa kilo 120 mwenye mbio za winga hatengenezwi mazoezini, ndiyo maana mmoja tu anaweza kupokea ofa za makumi ya vyuo.

Chuo huanza na ushahidi. LSU, chuo kikuu cha jimbo la Louisiana, hujinadi kwa mabeki wake wa nyuma. Jezi namba 7 pale imevaliwa na Patrick Peterson, Tyrann Mathieu na Derek Stingley Jr., na wote watatu walifika NFL. Kinda wa miaka 17 akiambiwa jezi hiyo inaweza kuwa yake, anaelewa vizuri anachoahidiwa. Chuo cha Penn State nao wana jina kama hilo kwa malainibeka, walinzi wanaosimama nyuma ya safu ya mbele.

Lakini nzito zaidi, kwa maoni yangu, ni kocha wa nafasi. Safu ya mbele, malainibeka na mabeki wa nyuma kila kundi lina kocha wake, na huyo ndiye anayekaa sebuleni na wazazi, anayetuma ujumbe kila mara, anayemwekea kijana video na kumwonyesha: hapa ndipo utakaposimama. Familia makini humuuliza nani anamaliza masomo mwaka huu, na kama kijana wao atapata namba mapema au atasugua benchi. Ziara rasmi ya kulipiwa na chuo, pamoja na picha za jezi mpya, inafurahisha, ila maswali hayo ndiyo ya kushikilia.

Nguvu ya kocha ilionekana Desemba 2021. Travis Hunter, beki aliyekuwa akitajwa kuwa kinda bora wa nchi nzima, alikuwa ameiahidi Florida State kwa mdomo. Ahadi ya mdomo haimfungi mtu mpaka asaini. Siku ya kusaini akachagua Jackson State ya Mississippi, chuo cha kihistoria cha Waamerika weusi kinachocheza daraja la chini, kwa sababu ya kocha mkuu wa pale, Deion Sanders, mmoja wa mabeki bora waliowahi kucheza mchezo huo. Sanders alimwacha acheze ulinzi na mashambulizi pia. Kocha alipohamia Colorado, Hunter akamfuata, na mwaka 2024 akatwaa tuzo ya Heisman, ya mchezaji bora wa vyuo.

Halafu kuna pesa. Tangu Julai 2021 wanachuo wanaruhusiwa kulipwa kwa matumizi ya jina na sura zao, na tangu 2025 vyuo vyenyewe vinaweza kuwalipa wanamichezo wake, kwa ukomo wa takriban dola milioni 20.5 kwa chuo katika mwaka wa kwanza. Naiona ni haki kabisa: vijana hawa hujaza viwanja vya watu 100,000, na kwa miaka mingi fedha hizo zilikuwa za kila mtu isipokuwa wao.

Makocha nao huondoka, mara nyingine wiki chache baada ya kinda kusaini. Mzazi amuulize mwanawe kama angekitaka chuo hicho hata bila kocha yule. Akikosea, siku hizi anaweza kuhama na kucheza msimu unaofuata bila kukaa nje, mradi masomo yake yako sawa. Hivyo chuo hulazimika kumwania upya hata mlinzi ambaye tayari ni wake.